Umeuza Simu, Ufunguo Umebaki Nao

Jioni moja baada ya sala ya Magharibi nilikuwa nimeketi barazani na wenzangu hapa Kibokoni, Mombasa, mara akatokea mzee mmoja muuza kahawa. Siku hiyo hakuja na dele lake. Mkononi alishika simu niliyomuuzia siku mbili kabla kwa shilingi elfu sita.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam, ami. Kwema?"

"Si kwema, mwanangu. Simu yako imenitia aibu."

Baraza zima likanyamaza. Mzee akaeleza kwamba kila akiiwasha, simu ilitaka akaunti ya mwenyewe wa kwanza na neno lake la siri. Akaipeleka kwa fundi mjini. Fundi alipoitazama alimrudishia papo hapo, akamwambia mbele ya watu, "Mzee, hii ni simu ya wizi. Mimi sitii mkono wangu." Mzee wa watu, aliyeuza kahawa miaka na miaka bila kumdhulumu mtu hata kikombe kimoja, akatoka dukani huku macho yote yakimfuata.

Msomaji, simu ile haikuwa ya wizi. Niliinunua kwa pesa zangu, na risiti ninayo. Kosa lilikuwa langu. Kabla ya kuiuza niliizima, nikabana vitufe vya ubavuni, nikafuta kila kilichokuwamo. Nikadhani kazi imekwisha. Kumbe nimeuza nyumba, ufunguo nimebaki nao mfukoni.

Kufuli hilo liliwekwa kwa ajili ya wezi. Kampuni ya Apple ililianzisha katika simu za iPhone mwaka 2013, na Google ikafuata mwaka 2015 katika simu za Android. Nia ni njema: mwizi akipora simu na kuifuta, isimfae kitu. Lakini kufuli halimtambui mnunuzi wa halali. Linamtambua yule tu ambaye akaunti yake ilikuwamo. Kufuta simu kwa vitufe huondoa picha na majina, kufuli likabaki pale pale.

Basi mwenye kutaka kuuza simu na afanye hivi. Kwanza ahifadhi picha na namba zake mahali pengine. Pili, aingie katika mipangilio ya simu, atafute sehemu ya akaunti, aiondoe akaunti yake ya Google; na kama ni Samsung yenye akaunti ya Samsung pia, nayo aiondoe. Mwenye iPhone hugonga jina lake juu ya mipangilio, akatoka katika akaunti kwa neno lake la siri. Tatu, baada ya hayo, ndipo aifute simu kwa kupitia mipangilio hiyo hiyo. Na aliyekwisha kuuza iPhone akasahau, aweza kuiondoa katika akaunti yake ya iCloud hata akiwa mbali.

Nawe mnunuzi, usitoe pesa kwa kuona kioo kinang'aa. Iwashe mbele ya muuzaji, iunganishe na intaneti, uianzishe mpaka mwisho. Ikiuliza akaunti ya mtu mwingine, mwambie aifungue hapo hapo.

Sisi tumelelewa tukijua kwamba mwenye kuuza bidhaa yenye ila ni wajibu wake aitaje. Ila yangu sikuijua, lakini aliyelipa gharama yake ni mzee yule.

Niliifungua simu pale pale barazani, nikaiondoa akaunti yangu, nikaifuta upya. Haikuchukua hata muda wa kunywa vikombe viwili vya kahawa. Asubuhi nikafuatana na mzee hadi kwa fundi, nikasema mbele ya wateja wake, "Simu hii ilikuwa yangu, na kosa ni langu." Fundi akamwomba mzee radhi. Mzee akapokea, akasema anawahi, mkaa wake usije ukazimika.