Tairi Pana, Rimu Nyembamba: Hasara kwa Mnunuzi

Wenye magari ya porini wanaotafuta tairi kubwa zaidi wanashauriwa kupima upana wa rimu kabla ya kutoa fedha. Wengi huulizia bei ya tairi tu.

Pick-up nyingi za Toyota Land Cruiser toleo la 75 zilitoka kiwandani na tairi 7.50R16 kwenye rimu za chuma za inchi 5.5. Tairi 285/75R16, inayopendwa kwa umbo lake, huhitaji rimu ya inchi 7.5 hadi 9. Ikilazimishwa kwenye ile ya zamani, mbavu hubanwa, uso hubinuka na kashata za katikati huisha wakati za pembeni bado mpya. Gari huyumba kwenye kona. Upepo ukipunguzwa kwa ajili ya mchanga, tairi yaweza kuchomoka.

Rimu pana mno nayo ina gharama zake: ukingo hubaki wazi kwa mawe, na ikitokeza nje sana beringi huelemewa.

Faida yenyewe ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Kimo cha 285/75R16 ni milimita 834, cha 7.50R16 ni takriban 805. Ekseli huinuka nusu ya tofauti hiyo, yaani milimita 14 hivi, na mshale wa spidi ukionyesha 80 gari liko karibu 83. Kwa mwenye rimu za inchi 6 hadi 7, tairi 235/85R16 hukaa sawasawa, nayo ina kimo cha milimita 806.