Ardhi Iliyopumzishwa: Matembezi ya Familia Kutoka Mtendeni

Watoto wengi wa Mtendeni wanaujua msitu wa miombo kwa sura yake ya mwisho: gunia la mkaa lililoegemezwa ukutani. Wanaijua bei yake, na wanajua kwamba likikaribia kwisha mama huagiza jingine. Mti wenyewe hawaujui. Hawajapata kuuona mtundu ukichipua majani mekundu kama shaba mwezi wa Septemba, kabla tone la mvua halijaanguka, wala hawajaokota mbula au furu chini ya mti usiopandwa na mtu yeyote. Na hali mji wetu wa Tabora umezungukwa na miombo, na asali ya misitu hiyo ndiyo iliyoupa mkoa wetu sifa.

Katika Suratul-Ankabut, Allah (s.w.) anaagiza watu watembee katika ardhi, watazame jinsi alivyoanzisha uumbaji. Katika Suratur-Rum anatutaka tutazame athari za rehema Yake, namna anavyoihuisha ardhi baada ya kufa kwake. Kwa ajili hiyo, sisi wa kamati ya msikiti tumeona tuwaandikie wazazi juu ya matembezi mepesi ambayo bibi, baba, mama na watoto wanaweza kuyafanya pamoja, mahali ambapo ardhi iliyochoka imepumzishwa ikarudi kuwa hai.

Kwihara na visiki vilivyo hai

Matembezi ya karibu ni ya Kwihara, kilomita chache kusini magharibi mwa mji. Huku ndiko ilikopita njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapumzika Tabora, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Miembe mikubwa ya Tabora ni kumbukumbu ya zama hizo. Hapo Kwihara lipo tembe lililojengwa upya na kufanywa makumbusho, ambamo Livingstone na Stanley waliishi mwaka 1872, na humo ndimo Livingstone alimotoka mwezi Agosti mwaka huo kwenda safari yake ya mwisho. Wazazi wawaeleze watoto habari yote. Wasiwafiche kwamba njia iliyoleta nguo, shanga na elimu ya dini ndiyo iliyopitisha pembe za ndovu na wanadamu waliofungwa minyororo.

Lakini tusiishie kwenye majengo. Tunapotembea pembezoni mwa mashamba, tuwaonyeshe watoto visiki. Mti wa miombo ukikatwa haufi upesi, kwa kuwa mizizi yake hubaki hai na kisiki hutoa machipukizi mengi. Yakiepushwa na moto, jembe na mbuzi, machipukizi hayo huwa miti. Yakichomwa kila mwaka, hubaki vichaka milele. Huko Dodoma juhudi za kuyalinda machipukizi ya namna hii zimepewa jina zuri la Kisiki Hai. Mtoto akihesabu machipukizi ya kisiki kimoja, kisha akaulizwa kwa nini jirani yake hakina hata moja, atakuwa amepata somo lisilohitaji ubao.

Jangwa lililorudi kuwa msitu

Anayetaka kuona kisiki kinavyoweza kufika mbali akiachwa kwa miaka mingi, na asafiri kupitia Nzega hadi Shinyanga, mwendo wa takriban kilomita 200. Familia nyingi za Tabora zina ndugu huko, kwa hiyo ziara ya kuunga udugu inaweza kubeba pia matembezi.

Shinyanga ilikuwa na misitu. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilifyeka maeneo makubwa ili kupambana na mbung'o. Kisha mashamba ya pamba yakapanuka na mifugo ikaongezeka. Wasukuma walikuwa na desturi ya ngitili: eneo la malisho ambalo hufungwa mvua zinapoanza, nyasi zikasimama na miti ikapumua, kisha likafunguliwa kwa mifugo wakati wa kiangazi. Operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha wengi mbali na maboma yao, na ngitili nyingi zikakosa wa kuzilinda. Katikati ya miaka ya 1980 hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba Mwalimu Nyerere aliuita mkoa huo jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, kwa msaada wa Norway. Mradi ulipowasikiliza wazee, jibu halikuwa miche ya vitalu peke yake, bali kuirudisha ngitili. Wakati mradi unaanza, ngitili zilizobaki zilikadiriwa kuwa hekta 600 tu. Ulipomalizika mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimehifadhiwa katika vijiji zaidi ya 800. Sehemu kubwa ya miti hiyo haikupandwa na mtu. Mizizi ilikuwa bado hai ardhini, ikisubiri kuachwa. Watafiti walihesabu humo zaidi ya aina 140 za ndege na takriban aina 150 za mimea. Na walinzi hawakuwa askari wenye bunduki: sheria zilisimamiwa na mikutano ya jadi iitwayo dagashida pamoja na sungusungu wa vijiji.

Kutembea ndani ya ngitili hakuchoshi. Njia ni za miguu na za ng'ombe, ardhi ni tambarare, na mtoto wa miaka sita anaweza kwenda saa moja bila kubebwa. Atasikia ndege kabla ya kuwaona, na atakuta vivuli mahali ambapo babu yake aliona vumbi.

Hima na ngitili

Jambo hili si geni katika dini yetu. Kabla ya Uislamu wakubwa wa Kiarabu walijitengea malisho kwa manufaa yao. Mtume (s.a.w.) akaiondoa desturi hiyo na kufundisha kwamba hima, yaani eneo la kuhifadhiwa, ni ya Allah na Mtume Wake, maana yake kwa maslahi ya umma. Yeye mwenyewe aliihifadhi Naqi' karibu na Madina kwa ajili ya farasi wa Waislamu.

Sayyidna Umar (r.a.) alipomweka Hunayy kusimamia hima, alimwagiza awaruhusu wenye ngamia wachache na kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan (r.a.). Sababu aliitaja: matajiri hao wakifiwa na mifugo, watarejea kwenye mitende na mashamba yao, lakini maskini atakuja na watoto wake mlangoni kwa khalifa. Nasi tulizingatie hilo, kwa maana hata huko Shinyanga imeonekana kwamba wenye ng'ombe wengi na ardhi kubwa hunufaika na ngitili kuliko wasio nacho. Kuihifadhi ardhi ni nusu ya amana. Nusu ya pili ni kuangalia nani analala njaa kwa sababu imefungwa.

Adabu za matembezi

Ngitili haina lango wala tiketi, lakini ina wenyewe. Piga hodi kwa mwenye boma au ofisi ya kijiji, na uulize kama eneo limefungwa. Toka baada ya Alfajiri na urudi kabla ya jua kali la Adhuhuri. Vaeni viatu vilivyofunika mguu, na mbebe maji ya kutosha.

Mkiona mizinga juu ya miti, ipisheni mbali. Nyuki hukasirishwa na harufu kali na rangi nyeusi, hivyo uturi wa Ijumaa ubaki nyumbani, na dada zetu wachague mavazi ya sitara ya rangi nyepesi badala ya buibui jeusi. Msiwashe moto. Msijisaidie njiani wala kwenye kivuli wanachopumzikia watu, kwani Mtume (s.a.w.) amelikataza hilo waziwazi. Taka zote zirudi nyumbani.

Swala isiwe udhuru wa kuharakisha. Ardhi yote imefanywa kwetu mahali pa kusujudu, na kibla kwa upande wetu ni kaskazini, kikielekea kidogo mashariki. Anayekwenda Shinyanga ni msafiri na ana ruhusa ya kupunguza swala. Anayekwenda Kwihara si msafiri, na ataswali kamili.

Shamba letu la wakfu

Tunayaandika haya tukiwa na jambo mbele yetu. Msikiti wetu una shamba la wakfu nje ya mji. Limelimwa mahindi mfululizo hadi mavuno yamekuwa hafifu, na miti yake ilikwisha zamani. Sasa kuna maoni mawili. Baadhi ya waumini wanataka likodishwe kwa mkulima wa tumbaku, ili kodi isaidie posho ya mwalimu wa madrasa. Hoja hiyo ni nzito, kwani mwalimu anakula leo, haingoji miti ikue. Wengine wanataka lipumzishwe, mizinga itundikwe visiki vikishakuwa miti, na wajane waruhusiwe kukata nyasi na kuokota kuni. Wanakumbusha kwamba tumbaku hukaushwa kwa kuni, na kuni hizo zitatoka katika msitu wa mtu mwingine.

Uamuzi haujafikiwa. Msimamo wetu ni kwamba mwalimu asipunguziwe hata shilingi. Ikiwa jamaa watakubali kuchangia posho yake kwa miaka ambayo shamba litakuwa halizalishi, basi lipumzishwe. Wakfu ni mali ambayo asili yake hubaki na manufaa yake hutolewa, na udongo ukiisha, asili yenyewe imekwisha.

Tunaiomba kila familia, kabla ya kikao, iende kwa miguu hadi shambani pamoja na watoto. Tazameni visiki. Vingi bado vinachipua, ingawa jembe huvikata kila msimu. Kisha njooni mseme mlichokiona, na mtakachotoa.

Mtaa wetu unaitwa Mtendeni, na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba hata Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana chipukizi la mtende mkononi, akiweza kulipanda na alipande. Sisi hatukuombwa hata kupanda. Machipukizi yameshapandwa na Aliyeyaumba, tuliloombwa ni kuyaacha yakue.

Wabillahi tawfiq.