Mhasibu ni Nani Hasa?

Miezi michache iliyopita alinijia nyumbani mtu niliyemfundisha Kiswahili katika shule ya upili, kabla sijahamia chuo kikuu. Alikuwa ameghadhabika. Shirika moja lilikuwa limetangaza nafasi ya mkurugenzi wa fedha, naye, aliyeshughulikia hesabu za kampuni kwa miaka 15, hakuitwa hata kwenye mahojiano. Nilimwomba anionyeshe tangazo lenyewe. Tukalisoma pamoja, neno baada ya neno, kama tulivyokuwa tukisoma ufahamu zamani zile.

Tangazo lilitaka mambo matatu ambayo yeye aliyachukulia kuwa mawili: shahada, kufaulu mitihani ya CPA, na uanachama wa chama cha wahasibu. Shahada hutolewa na chuo kikuu. Mitihani ya CPA husimamiwa na KASNEB, bodi iliyoanzishwa 1969. Usajili nao ni kazi ya ICPAK, iliyoundwa 1978 na ambayo sasa huongozwa na Sheria ya Wahasibu ya 2008. Anayefaulu mitihani hawi mwanachama papo hapo. Sharti aombe, akubaliwe, alipe ada kila mwaka, aendelee kuhudhuria mafunzo, na awe tayari kuadhibiwa na chama hicho akikiuka maadili ya kazi. Mwanafunzi wangu alifaulu karatasi zote akiwa bado kijana. Hakuwahi kujisajili.

Sehemu ya lawama, nionavyo mimi, ni yetu sisi tunaoitumia lugha. Twamwita mhasibu karani apokeaye karo dirishani pale shuleni. Twamwita mhasibu atayarishaye taarifa za fedha za kampuni nzima. Na mkuu wa fedha, anayeketi na bodi kuamua iwapo kampuni ikope au isikope, naye ni mhasibu vilevile. (Mkaguzi wa hesabu, angalau, ana jina lake.) Si ajabu basi vijana wetu kudhani kwamba ngazi hizo ni moja, na kwamba mtu huzipanda kwa kuzeeka tu kazini.

Hata hivyo, waajiri nao hawana haki ya kucheka. Niliwahi kuketi katika jopo la kumteua mkuu wa fedha wa taasisi moja ya umma. Vyeti vilijaa mezani. Mzee mmoja miongoni mwetu aliwauliza wote wanne swali lile lile: mkuu wa taasisi akikuagiza uchukue pesa zilizokatwa katika mishahara ya wafanyakazi kwa ajili ya pensheni, ununulie magari, utafanya nini? Watatu walizungukazunguka, mmoja alifikia hatua ya kueleza jinsi pesa hizo zingerudishwa "mambo yakiwa mazuri". Wa nne, mama mmoja mpole, alisema angekataa kwa maandishi na kuipelekea bodi nakala ya barua hiyo.

Hakupata kazi. Jedwali letu la alama lilikuwa na safu ya shahada ya uzamili, ambayo hakuwa nayo. Safu ya jibu kama lile haikuwamo. Nami niliitia karatasi ile sahihi pamoja na wenzangu.

Mwanafunzi wangu amekwisha kujaza fomu za usajili. Juzi alinipigia simu kunieleza kwamba nafasi nyingine imetangazwa. Hiyo inataka shahada ya uzamili.