Je, Wajua? Ayari Wasiokubali Kufa

Sogea, nikupashe! Wajua kuwa mmoja wa matapeli mashuhuri wa fasihi alichimbuliwa ukutani? Mwaka 1992, mafundi waliokuwa wakikarabati nyumba kuukuu mjini Barcarrota, Hispania, walivunja ukuta wakakuta vitabu vimefichwa ndani. Kimoja kilikuwa Lazarillo de Tormes, toleo la 1554: kisa cha kijana fukara anayewachezea shere mabwana zake mmoja baada ya mwingine. Kanisa lilikipiga marufuku mwaka 1559, na aliyekiandika hajulikani hadi leo!

Lakini Lazarillo cha mtoto. Muulize Abu Zayd wa Saruj, ayari wa visa 50 vya mwandishi al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122. Katika kisa cha kwanza tu, anawahubiria watu wa mji wa Sanaa hadi wanalia na kumjazia sadaka. Msimulizi anamnyemelea, na kumbe! Mzee yuko pangoni, mbuzi wa kuchoma mbele yake, mtungi wa kileo ubavuni. Na ulimi wake je? Kuna kisa anachotoa hotuba nzima bila herufi hata moja yenye nukta. Wewe uliyepita madrasa, jaribu basi: hakuna ba, hakuna ta, hakuna nun!

Abunuwasi wetu wa hadithi za utotoni naye alikuwa mtu kweli. Mshairi wa Baghdad, zaidi ya miaka 1,200 iliyopita, na mvinyo aliusifu hadharani.

Unataka ayari mwanamke? Moll Flanders, wa riwaya ya 1722. Hata hujafungua kitabu, ukurasa wa jina unakutobolea siri zote: mwizi kwa miaka 12, kaolewa mara 5, na mume mmoja ni kaka yake wa damu!

Hii itakuchekesha. Arthur Conan Doyle alimuumba mpelelezi Sherlock Holmes. Shemeji yake, E. W. Hornung, akamuumba mwizi! Jina lake Raffles: mchana bingwa wa kriketi, usiku mvunja nyumba za matajiri. Na Arsène Lupin, mwizi muungwana wa Ufaransa? Alitiwa mbaroni katika hadithi yake ya kwanza kabisa, mwaka 1905. Jela haikumweza.

Kiboko yao ni Ostap Bender wa Urusi. Waandishi wake wawili, Ilf na Petrov, walibishana: afe au aishi? Wakapiga kura kwa vikaratasi ndani ya bakuli la sukari, kimoja kimechorwa fuvu. Likatoka fuvu! Basi mwishoni mwa riwaya ya 1928, Bender akakatwa koo kwa wembe. Yakaisha? Wapi! Mwaka 1931 karudi katika riwaya ya pili, mzima wa afya, kovu shingoni, akijigamba kwamba anajua njia 400 za kuwatoa watu pesa, zote karibu za halali. Wewe unazo ngapi?