Vigae Vinapolegea, Kagua Mbao Zilizo Chini

Baadhi ya wakazi wameweka vigae, au taili kama mafundi wengi wanavyoviita, juu ya sakafu za mbao katika nyumba, maduka na vibanda. Kigae kikilegea, wengi hukimbilia kumwaga uji wa simiti chini yake. Marekebisho hayo hayadumu, kwani mara nyingi kasoro haiko kwenye kigae bali kwenye mbao zinazokibeba.

Kwa nini vigae hulegea

Mbao hufura zikipata unyevu na hunywea zikikauka. Kigae hakibadiliki hivyo. Hapa Voi kiangazi ni kikali, kisha huja masika kati ya Machi na Mei, na vuli mwezi wa Novemba na Desemba. Mbao zinaposogea, gundi ngumu hupasuka. Sakafu inayonesa ukiikanyaga huharakisha hali hiyo.

Mchwa ni hatari zaidi. Hula mbao kwa ndani huku vigae vikiuficha uharibifu, hadi siku sakafu itakapobonyea na kumwangusha mzee au mtoto.

Jinsi ya kurekebisha

1. Gonga kila kigae kwa mpini wa nyundo. Kinachotoa sauti ya uwazi kimeachia. Kitie alama.

2. Kwangua saruji ya viungo, kisha inua kigae taratibu kwa patasi. Vaa miwani na barakoa.

3. Dunga mbao kwa bisibisi. Ikizama kwa urahisi, mbao zimeoza au zimeliwa. Zibadilishe, na utibu mchwa kwanza.

4. Kaza mbao kwenye maboriti kwa skrubu. Misumari hulegea mapema.

5. Funika mbao kwa ubao wa saruji au plaiwudi nene. Acha nafasi ndogo kandokando ya ukuta ili mbao zipate pa kutanukia.

6. Tumia gundi ya vigae inayonyumbulika, na uipake kwa mwiko wenye meno. Usikanyage kwa saa 24 kabla ya kujaza viungo. Pembeni mwa ukuta jaza silikoni, si saruji.

Ikiwa vigae vingi vinatoa sauti ya uwazi, au sakafu nzima inanesa, ni nafuu kuving'oa vyote na kuimarisha mbao kuliko kuziba kimoja kimoja kila mwaka.

Kabla fundi hajaanza kubandika, mwombe akuonyeshe mbao zilizo chini. Mpangaji naye amwarifu mwenye nyumba mapema, kigae cha kwanza kinapocheza.