Kupanda Mshubiri Bustanini
Mshubiri huhifadhi maji katika majani yake manene, ndiyo maana huvumilia kiangazi kirefu. Adui yake ni maji yanayotuama, ambayo huozesha mizizi. Udongo wa kichanga wafaa zaidi. Chipukizi likishang'olewa liachwe kivulini siku chache hadi jeraha likauke, ndipo lipandwe. Hapo wengi hufanya haraka, wakapoteza miche.

Wanachama wanaokusudia kuuza utomvu wakumbuke kwamba nchini Kenya uvunaji wa mshubiri wa porini ulipigwa marufuku mwaka 1986, na mwaka 2007 zikatungwa kanuni za biashara hiyo. Kwa hiyo katibu aandike daftarini idadi ya miche ya kila mwanachama na tarehe ya kupandwa, kabla jani la kwanza halijakatwa.