Udongo wa Mlimani na Maji ya Ziwa

Mtu asimamapo pwani ya Ziwa Nyasa baada ya mvua kubwa, huona maji penye midomo ya mito yamegeuka mekundu. Rangi ile ni shamba la mtu, limeshuka kutoka milima ya Mbinga.

Udongo huo umechukua chakula cha mimea, hasa fosforasi na naitrojeni, vitu vile vile vistawishavyo mahindi na kahawa. Majini navyo hustawisha mimea midogo mno isiyo na mizizi. Ikiwa mingi twaiona kama utando wa kijani. Juu ya mawe twaijua kwa utelezi wake. Mimea hiyo ndiyo malisho ya ziwa. Wadudu wadogo wa majini huila, usipa huwala wadudu hao, na mbasa humla usipa. Samaki wadogo wa mawe nao hukwangua utelezi kwa meno yao, kama mbuzi machungani.

Ubaya ni kupita kiasi. Mimea ikizidi, hufa kwa wingi, huzama na kuoza, na kuoza kwake hutumia oksijeni ambayo samaki huivuta. Tena tope hufunika mawe na kuuzuia mwanga, hata malisho yakafifia.

Samaki nao wana sehemu yao. Wala utelezi hupunguza mimea; wala wadudu huiongeza, maana huwapunguza walaji wake. Na mavi ya samaki wote hurudisha mbolea majini. Basi aina moja ikitoweka, mizani yote huyumba.

Tutazame Ziwa Viktoria. Katika karne ya 20 mbolea ya mashamba na uchafu wa miji uliingia humo, na sangara, aliyeletwa katika miaka ya 1950, aliwala furu wengi mno. Maji yaligeuka kijani, na vilindi vikakosa hewa.

Ziwa letu lina kina cha futi 2,300 hivi, nalo li safi kuliko lile. Lakini Mto Shire hutoa maji kidogo tu. Mengi hupaa kwa jua. Maji hupaa, mbolea haipai.

Wamatengo wanayo kinga ya tangu zamani, nayo ni ngoro. Nyasi hukatwa, hulazwa kwa mistari ikatizanayo, kisha hufukiwa kwa udongo uchimbwao katikati. Matuta hupandwa maharage, kisha mahindi. Shimo hupokea mvua na kuuzuia udongo, na nyasi zioazo huwa mbolea. Hivyo mkulima atunzaye ngoro zake hulinda shamba lake, na wavu wa mvuvi wa Liuli pia.

Wanafunzi na wajaribu: wajaze maji ya ziwa katika chupa mbili nyeupe, moja watie chembe ya mavi ya kuku, waziweke dirishani penye mwanga. Baada ya siku kadhaa wazilinganishe rangi zake.